Namna ya kutengeneza filamu ya maisha ya mcheza drafti kwa simu yako

Mimi ni mpiga video wa sherehe hapa Mbeya: send-off, harusi, kipaimara. Kazi hiyo ndiyo inayonilisha. Lakini filamu ninayoipenda kuliko zote nilizowahi kutengeneza ina dakika 14 tu, nimeipiga kwa simu, na inahusu maisha ya Mjomba wangu, mzee wa miaka 70 ambaye tangu ujana wake hajawahi kukaa wiki nzima bila kugusa kete za drafti. Watu wameniuliza sana nilifanyaje. Nimeandika hapa jinsi nilivyofanya, pamoja na mahali nilipokosea nikalazimika kurudia, ili wewe mwenye mzee wako wa bao, wa karata au wa drafti usipoteze miezi kama nilivyopoteza mimi.

Kwanza nikueleze nilikopata njia, kwa sababu usipoielewa hii mengine yote yatakuwa ufundi mtupu.

Mwaka 2022 ilitoka filamu ya Marekani kuhusu maisha ya Roger Sharpe, mwandishi aliyependa pinboli. Pinboli ni meza yenye mteremko iliyofunikwa kioo. Unavuta kishikio chenye springi, gololi ya chuma inaruka hadi juu, kisha inashuka ikigongagonga vizuizi, taa zinawaka, kengele zinalia, pointi zinahesabiwa. Chini kuna vibao viwili vidogo unavyovichezesha kwa vitufe vya ubavuni ili gololi isipotelee shimoni. Vibao hivyo havikuwapo tangu mwanzo. Vililetwa na mashine ya mwaka 1947. Kabla ya hapo ulikuwa unavuta springi na kuomba Mungu, na ndiyo maana wakubwa wengi waliuita mchezo huo kamari. Jijini New York, meya Fiorello La Guardia aliupiga marufuku mwaka 1942, mashine zikavunjwa kwa nyundo mbele ya wapiga picha. Marufuku hiyo ilidumu miaka 34.

Sharpe alijifunza pinboli akiwa chuoni Wisconsin. Alipohamia New York akakuta mchezo wake umekatazwa. Mwaka 1976 aliitwa mbele ya kamati ya baraza la jiji athibitishe kwamba pinboli ni mchezo wa ujuzi, si wa bahati. Zililetwa mashine mbili. Mjumbe mmoja akaitilia shaka ile aliyokuwa amejiandaa nayo, akataka achezee ile nyingine ya akiba. Akacheza hiyo. Kisha akafanya jambo moja: kabla hajavuta springi alitaja njia ambayo gololi itapita, ile ya katikati. Akavuta, gololi ikapita palepale. Marufuku ikaondolewa mwaka huohuo. Baadaye yeye mwenyewe alikiri kwamba siku ile bahati nayo ilimbeba.

Niliitazama filamu hiyo usiku mmoja wa Julai nikiwa nimejifunika blanketi mbili, na nilipofika hapo nililia. Nilimwona Mjomba. Kwa sababu Mjomba naye hutaja. Anamwangalia mwenzake na kusema kwa sauti ya chini, "Nakupa mbili, nakula tatu, naingia kingi," halafu anafanya hivyohivyo. Nikajua filamu yake itasimama juu ya hapo: mzee anataja, kisha anatenda, na kamera haikatwi katikati.

Ukimchagua mtu wako, tafuta jambo hilo kabla ya kuwasha simu. Usiulize kama ana historia nzuri. Kila mtu anayo. Jiulize: mkono wake unafanya nini ambacho mtu asiyejua mchezo huo akikiona ataamini? Nenda ukakae kijiweni siku tatu au nne bila kupiga chochote. Mimi nilikaa juu ya kreti la soda chini ya mparachichi pale Mwanjelwa, nikiwa na daftari. Siku ya kwanza niliandika majina ya wachezaji. Siku ya pili niliandika sauti. Siku ya tatu ndipo niliona kwamba Mjomba, kabla ya kulisha kete, huigusa kwa kidole cha pete, si kwa cha shahada. Nilimjua mzee huyu tangu nazaliwa na sikuwahi kuliona hilo.

Kwa wasiojua kijiwe chetu: kibao kina miraba 64, kete ni vizibo vya soda, 12 kila upande. Upande mmoja vimelala chali, mwingine vimelala kifudifudi, na hapo hakuna wa kuchanganya. Kete ikifika mwisho inapandishiwa kizibo cha pili juu, inakuwa kingi. Kwetu kula ni lazima, hata kama unaona kabisa kwamba unaingia mtegoni. Kanuni hiyo ndiyo inayomwezesha bingwa kutaja mambo yajayo: anakulisha, unalazimika kula, na njia anayokupeleka ameshaiona.

Ruhusa. Omba ya mtu mwenyewe, ya familia, na ya wana kijiwe, kwa sababu sura zao zitaonekana. Mimi nilienda nyumbani kwa Mjomba jioni nikiwa na sukari kilo mbili na majani ya chai. Nikasalimia, "Shikamoo Mjomba." "Marahaba mwanangu, ugonile." Nikamweleza yote, mpaka itakapoonyeshwa na nani ataiona. Akanyamaza muda mrefu. Mkaza mjomba ndiye aliyejibu kwa niaba yake: "Atakubali, ila usimpige akiwa amevaa lile sweta bovu." Upande wa serikali, usidhani simu haihesabiki. Tuna Bodi ya Filamu na tuna Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya mwaka 1976, kwa hiyo kabla ya kuonyesha hadharani pita kwa afisa utamaduni wa wilaya yako, mweleze unachofanya, akuelekeze taratibu za sasa. Nilitumia asubuhi moja tu kwa jambo hilo.

Sasa mahojiano. Hapa ndipo wengi wanaharibu. Wanamkalisha mzee kwenye sofa, wanaweka maua ya plastiki pembeni na kuuliza, "Kwa nini unaupenda mchezo huu?" Mzee atakujibu kwamba drafti inachangamsha akili, na utakuwa umepata maneno ambayo hata redio inayo. Uliza kuhusu vitu. Kibao cha kwanza kilikuwa cha mbao gani? Nani alikuwa anakaa upande wa pili? Mlikuwa mnacheza wapi mvua ikinyesha?

Mjomba alianza kazi TAZARA mwaka 1976, mwaka uleule Wachina walipotukabidhi reli, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Nilikuwa nimeshaipanga hadithi kichwani: kijana mpweke, baridi ya Makambako, pombe, kisha drafti inamwokoa. Nikamwuliza kwa kumvuta huko. Haya ndiyo yaliyotokea, na yamo kwenye filamu neno kwa neno.

"Mjomba, maisha ya reli yalikuwa magumu, si ndiyo? Vijana walikuwa wanakunywa sana."

"Walikuwepo waliokunywa."

"Na wewe drafti ikakuepusha?"

Akaweka kikombe chini. "Mwanangu, mimi sijawahi kunywa. Usinitungie. Nilijifunza drafti kwa sababu treni ilichelewa Makambako kwa muda wa saa tisa, na kuli mmoja alikuwa na vizibo mfukoni. Basi."

Nilitamani kukifuta kipande hicho. Nashukuru sikukifuta. Kwenye ile filamu ya Sharpe, Roger mzee (anaigizwa na mwigizaji) anakaa mbele ya kamera na kuwakatiza watengenezaji wanapotaka kuikuza hadithi yake. Nilipokumbuka hilo nikaelewa kwamba mtu anayekukatalia mbele ya kamera anakupa zawadi: mtazamaji akishamwona anakataa uongo mdogo, atamwamini kwenye makubwa. Kwa hiyo ukisahihishwa, acha simu iendelee kurekodi, usijitetee, na usikiondoe kipande hicho.

Hoji pia watu wa nyumbani, tena wakiwa wanafanya kazi zao. Maneno bora kuliko yote kwenye filamu yangu ni ya mkaza mjomba akichambua maharage: "Mimi siulizi kama ameshinda. Akishinda anafunga geti. Akishindwa analiacha wazi, nalifunga mimi." Baada ya hapo niliweka picha ya geti lile, sekunde sita, bila muziki wala neno.

Tuje kwenye simu yenyewe. Sitakaa sana hapa, kwa maana simu yoyote nzuri ya kawaida inatosha. Iweke kwenye hali ya ndege kabla ya kuanza. Mimi nilipoteza mchezo mzima wa dakika 22 kwa sababu ndugu alipiga simu na kurekodi kukakatika. Futa lenzi kwa kitambaa laini. Bonyeza kioo kwa muda ili mwanga na umakini wa picha vijifunge, la sivyo kila mkono ukipita juu ya kibao picha itakuwa inafifia na kurudi. Simu yangu hula takriban MB 130 kwa dakika moja, hivyo hesabu nafasi mapema, na beba pawabenki, maana baridi ya Juni na Julai hapa kwetu inamaliza chaji upesi. Kama huna stendi, mfuko wa kilo tano wa mchele unaipokea simu vizuri na hautikisiki.

Kuhusu mwanga: asubuhi Mbeya ina ukungu, picha zinatoka za kijivu. Saa sita jua liko juu kabisa na majani ya mparachichi yanatupa madoa meusi kwenye kibao, huoni kete. Mimi nilipata wakati mzuri kuanzia saa tisa alasiri mpaka saa kumi na moja, jua likiwa limeinama na Mlima Loleza nyuma ukiwa na rangi yake.

Sauti ni muhimu kuliko picha, na nasema hivyo nikiwa mtu wa picha. Kizibo kikigonga ubao kina mlio wake, na wachezaji wazuri wana mapigo yao: Mjomba huweka taratibu, wapinzani wake wengi hubamiza. Chukua simu ya pili, hata ya zamani, ivalishe soksi safi kuzuia upepo, iweke chini ya kibao karibu na goti la mchezaji, irekodi sauti tu. Mwanzoni mwa kila kipande piga makofi mara moja mbele ya simu zote mbili. Wakati wa kuhariri utalinganisha kofi na kofi na sauti itakaa sawa na picha. Usipange kurekodi mahojiano ndani kuanzia Novemba hadi Aprili kama nyumba ni ya bati. Mvua ikianza, hakuna ufundi utakaokuokoa.

Kipande kikuu

Nilikosea vibaya hapa, na kosa lenyewe ndilo lililonifundisha kazi hii.

Mara ya kwanza nilimpiga Mjomba akicheza kwa siku tano, kisha nikakata nilivyozoea kukata harusi: mkono, uso, kete, watu wanacheka, mkono tena, muziki mzito chini. Vipande 31 kwa dakika mbili. Nikaonyesha kijiweni kwenye kompyuta yangu. Wazee wakapiga makofi. Kisha kijana mmoja wa bodaboda, mgeni pale, akasema bila ubaya wowote, "Dada, umemsaidia. Huwezi kujua kama ni mchezo mmoja."

Nilinyamaza. Alikuwa na haki. Nilikuwa nimekificha kitu kilekile nilichokuja kukionyesha.

Nikakumbuka ile mashine ya akiba kule New York. Nikamwomba kijana yule alete kibao chake mwenyewe, vizibo vyake mwenyewe, na achague mahali pa kukaa. Alileta ubao wa kreti uliochorwa kwa makaa, na vizibo vyake vilikuwa na kutu. Nikaweka simu nyuma ya bega lake la kushoto, juu kidogo, ili vionekane vitu vitatu kwa pamoja: kibao chote, mkono wa Mjomba, na macho yake. Hiyo ndiyo sehemu nitakayokuomba uizingatie kuliko zote. Ukipiga kutoka juu kabisa utaona kete na kukosa mtu. Ukipiga uso utapata mtu na kukosa ushahidi. Nyuma ya bega la mpinzani unavipata vyote, na mtazamaji anajikuta amekaa kwenye nafasi ya anayekaribia kuliwa.

Nikabonyeza, nikarudi nyuma hatua mbili, sikuigusa tena simu.

Dakika kumi na tisa hazikuwa na lolote la ajabu. Kisha Mjomba akakaa kimya, akavuta sweta (jipya) mabegani, akagusa kete moja kwa kidole cha pete. Akasema, "Kijana, nakupa mbili. Nakula tatu. Naingia kingi." Kijana akacheka, akakiangalia kibao, akaacha kucheka. Mjomba akasogeza. Kijana akala moja, kwa sababu kula ni lazima. Mjomba akasogeza nyingine. Kijana akashika kichwa, akala ya pili. Kisha kizibo cha Mjomba kikaruka mara tatu, tak, tak, tak, kikasimama mstari wa mwisho. Hakukiinua kingi mwenyewe. Alisubiri, na kijana ndiye aliyechukua kizibo kimoja kati ya vilivyokwisha kuliwa akakipandisha juu yake.

Kuanzia kutaja hadi kukipandisha ni sekunde 48. Zimo zote kwenye filamu, bila mkato, bila muziki. Kama mtu wako hatafanikiwa mara ya kwanza, rudi kesho. Mimi nilikuwa tayari kurudi mwezi mzima. Na usimwombe "aigize" tena alichofanya jana. Mwili unajua tofauti, na kamera pia.

Kama mchezo wa mzee wako uliwahi kukatazwa au kudharauliwa, jambo hilo liingie, lakini uliweke kwa adabu. Mwaka 2016 viongozi wa sehemu mbalimbali nchini walikataza pool, drafti na karata saa za kazi. Mjomba alikuwa ndiyo kwanza amestaafu. Kibao chake cha mninga, alichokitumia tangu enzi za reli, kilichukuliwa mchana mmoja na hakikurudi. Hakuna aliyemwuliza kama ni mstaafu. Sikutaja mtu kwenye filamu na sikumwita yeyote kujibu. Nilimwomba tu anionyeshe kibao kile kilikuwa na ukubwa gani. Akanyoosha mikono hewani, akaisogeza kidogo, akaisogeza tena mpaka vipimo vikakaa sawa, akabaki ameishikilia hivyo. Nilipiga ile mikono mpaka alipoishusha mwenyewe.

Kuhariri kutakuwa kwepesi kama umepiga kwa subira. Mimi nilianza na geti, nikaenda Makambako kwa maneno yake, nikaweka ule ugomvi wetu wa pombe, nikaweka mikono inayopima kibao kisichokuwepo, na mwisho sekunde 48. Sababu ni hii: mtazamaji akifika kwenye kete tatu awe tayari anajua mkono huo umepoteza nini. Ukianza na ushindi, yaliyobaki yatakuwa maelezo. Muziki weka mdogo sana au acha kabisa. Ukitumia wimbo wa mtu, pata ruhusa yake. Weka maandishi ya kanuni moja tu mwanzoni, "Kula ni lazima," na mama asiyewahi kushika kete ataelewa kila kitu. Nilimjaribishia jirani yangu anayeuza ndizi za Tukuyu. Alipofika kwenye kingi akapiga kelele.

Onyesha kwanza kijiweni, kabla ya mtandaoni. Wanaojua mchezo ndio watakaokuambia ukweli, na waliorekodiwa wana haki ya kuona kabla ya wengine. Mimi niliazima projekta, nikatundika shuka jeupe kwenye ukuta wa banda umiza saa moja na nusu jioni. Hakikisha shuka limenyooshwa kwa pasi; mikunjo inakunja nyuso. Umeme ulikatika dakika ya tisa, tukasubiri karibu nusu saa, na hakuna aliyeondoka.

Baki na nakala mbili mahali tofauti, na mpe mzee ya kwake kwenye memori kadi, hata kama hana simu ya kuichezea. Wajukuu watakuwa nayo.

Na kabla ya kufunga kazi, mwulize anataka nini kiandikwe mwishoni. Nilidhani Mjomba atataka jina lake kubwa. Alifikiri usiku mzima, asubuhi akanipigia: yaandikwe majina ya wote waliowahi kumfunga mbele ya watu. Walikuwa tisa, wanne wameshatangulia mbele za haki. Alinitajia kila jina herufi kwa herufi, na kwa jina la saba, yule kuli wa Makambako, akaniambia nisubiri kwanza amwulize mkewe kama linaandikwa kwa R au kwa L.